Kobe Wana Umri Mgongoni, Abiria Hawana Hata Jina

Kabla hamjanishukia kwenye komenti, someni mpaka mwisho. Leo sikuja na vichekesho.

Mwezi uliopita nilikwenda Zanzibar na wasee wangu wawili, mmoja wa Kisauni, mwengine wa Changamwe. Mimi wa Likoni, mnanijua. Tulichanga tangu Ramadhani, tukapanda basi la Dar, tukavuka na boti. Siku ya pili tukaenda Changuu, kile kisiwa ambacho kila mtu anakiita Prison Island.

Na posti zenu nimeziona zote. Selfi na kobe. Mikono imeshika nondo za dirisha, chini umeandika "nimefungwa maisha" na sura za kucheka. Mimi pia nilipiga hiyo picha. Nimeifuta, na nitawaambia kwa nini.

Aliyetutembeza ni kijana tu kama sisi, mcheshi, hana ubaya. Alikuwa na mistari yake ameikariri: "Jela hii ilijengwa 1893, lakini hakufungwa mfungwa hata mmoja. Haikuwa jela kweli!" Watu wakacheka. Tukapelekwa kwa kobe. Jengo dakika tano, kobe saa nzima.

Hiyo sentensi, "haikuwa jela", ndio nimekuja kugombana nayo.

Ukweli ni kwamba haikuwa jela. Aliyejenga ni Lloyd Mathews, Muingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa Sultani. Kabla yake inasemekana kisiwa kilitumika kuweka watumwa. Jela ikajengwa, wafungwa hawakuletwa. Badala yake pakafanywa karantini. Meli ikija kutoka nje na kuna hofu ya homa ya manjano au tauni, abiria wanateremshwa Changuu. Wanakaa wiki moja, pengine mbili, wanaangaliwa. Na haikuwa ya Zanzibar peke yake. Ilitumika kwa makoloni ya Waingereza huku kwetu Afrika Mashariki kwa jumla. Kwa hivyo anayekuja Mombasa naye angeweza kushukia pale kwanza, aangalie mji wa Unguja uko kilomita tano na kitu mbele yake, taa anaziona, kufika hafiki.

Sasa niambieni. Mtu aliyefungwa jela ana kosa, ana hakimu, ana tarehe. Hata kama hakimu mwenyewe ni wa mkoloni, kuna karatasi imeandikwa "umefanya hivi". Aliyezuiliwa Changuu kosa lake lilikuwa nini? Kufika. Basi. Kosa ni kwamba umetoka ng'ambo na umeshuka kwenye meli.

Halafu tunaambiwa tucheke manake haikuwa jela.

Najua kuna mjuaji hapo keshaanza kuandika: "Msee, watu walikuwa wanakufa na magonjwa, ulitaka waachwe waingie tu?" Tulia. Sikatai. Homa ya manjano inaua, tauni iliua. Mgonjwa kuwekwa kando siku kadhaa ili mtaa mzima usife, hiyo ina maana, na ina mwisho. Siku zikiisha, unatoka. 2020 sisi wenyewe tuliiona. Waliorudi Kenya kwa ndege wakapelekwa karantini ya lazima, na bili wakatakiwa walipe wao. Mei ile Mji wa Kale ukafungwa, hutoki huingii, na sisi wa ng'ambo ya feri tukiangalia. Hasira za wakati ule hazikuwa eti watu hawaamini korona. Zilikuwa kwa sababu hakuna aliyekuwa anakueleza unatoka lini, na kwa nini wewe, na nani kaamua.

Hapo ndipo nilipo. Kumzuia mtu si lazima iwe dhulma. Inakuwa dhulma ukimzuia bila kosa, bila maelezo, bila tarehe, halafu baadaye ukasema "kwani si haikuwa jela?"

Sasa turudi nyuma kidogo, manake safari yangu haikuanzia kisiwani. Ilianzia mpakani.

Mpakani tuliombwa kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi ninayo, wa Changamwe anayo. Wa Kisauni alikuwa nayo lakini jina limekosewa herufi moja, halifanani na la pasipoti. Akaambiwa akae pale kwenye benchi. Hakuulizwa kitu wala hakuambiwa kitu. Saa mbili. Dereva anapiga honi, abiria wanatuangalia kama tumebeba bunduki. Mwisho akaja mtu mwengine kabisa, akatazama kadi, akasema "nendeni". Hakuna aliyesema kwa nini alizuiwa, hakuna aliyesema kwa nini ameachiliwa.

Kwenye basi tulicheka. Yeye hakucheka. Kule Changuu, baada ya muongozaji kusema maneno yake, nikamuona amesimama kwenye ule uwanja wa jengo, kimya. Nikamwambia twende kwa kobe. Akanijibu: "Hapa ni kama lile benchi. Tofauti ni kuta tu."

Huyu msee bibi yake mzaa mama alikuja kutoka Pemba, enzi za wavuvi. Wanawe wote wamezaliwa huku kwetu, wajukuu wote huku. Yeye alipofika 18 akaenda kutafuta kipande. Mimi nilipata changu, yeye akaanza kuitwa na kurudishwa. Leta cheti cha babu. Leta wazee wa mtaa. Sema chifu wa zamani aliitwa nani. Babu amezikwa wapi? Una shamba wapi? Alikaa miaka minne hana kipande. Miaka minne hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, hawezi kupiga kura, kazi ya bandarini asahau. Usiku akikutana na doria anakimbia, na hakuiba kitu.

Alikuwa jela? Hapana. Haikuwa jela, si ndio?

Na si yeye peke yake. Wamakonde walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazeeka. Oktoba 2016 ndio walifunga safari kutoka Kwale mpaka Ikulu Nairobi kudai vipande. Wapemba wa pwani yetu wamesubiri mpaka 2023 ndipo serikali ikawatambua rasmi kuwa ni watu wa Kenya. Wazee waliokwisha kufa kabla ya hapo, walikufa wakiwa "wageni" kwenye nyumba walizozijenga wenyewe.

Na sisi wengine tusijione wenyeji sana. Kisauni kuna Kengeleni. Kengele yenyewe ni ya Freretown, mtaa uliowekwa miaka ya 1870 kwa watu walionusuriwa kwenye majahazi ya watumwa. Walishushwa hapo, hawana hata pa kuanzia. Leo wajukuu wao ni majirani zako. Pwani hii nani hakuja na maji? Ukichimba kila ukoo utakuta chombo kimeegeshwa mahali.

Hata hilo neno kipande mnajua limetoka wapi? Sheria ya mkoloni ya 1915, ikaanza kukaza baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika abebe karatasi yake ndani ya kibati, amekitundika shingoni. Harry Thuku na wenzake waliipigia kelele, yeye akakamatwa 1922. Kibati kimeondoka, neno limebaki, na kwa wengine wetu mzigo pia umebaki.

Mtasema hayo yameisha. Ni kweli Rais alitangaza 2024 kwamba msasa wa ziada wa kupata kipande uondolewe, na Februari 2025 akasaini tamko kwa kaunti za mipakani. Vizuri, nimefurahi. Lakini tamko halikai dirishani. Dirishani anakaa mtu, na huyo mtu akikuangalia jina, akakuangalia sura, akakwambia "wewe rudi na mzee wako", utamuonyesha tamko kwenye simu?

Na tusisahau Aprili 2014, Usalama Watch. Watu maelfu walizolewa, wengi Eastleigh, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Uwanja wa mpira. Watoto ndani. Leo tunaenda pale kushangilia Harambee Stars na hakuna anayekumbuka nani alilala kwenye ile sakafu. Ndio nawaambia, Changuu haiko mbali.

Na wageni wanaopita kwetu leo? Mara kwa mara mnasoma: vijana kutoka Ethiopia wamekutwa kwenye nyumba fulani, wanaelekea Afrika Kusini. Tunashea picha zao wamekalishwa chini kwa mistari, tunaweka maneno ya utani. Sheria yetu ya uhamiaji ya 2011 inasema kuwa nchini bila karatasi kunaweza kukupa faini mpaka shilingi laki tano, au miaka mitatu, au vyote. Kijana wa miaka yako, kosa lake kufika. Halafu dada yako akizuiliwa Shumaisi kule karibu na Jeddah kwa sababu ametoroka mwajiri aliyemnyang'anya pasipoti, hapo ndipo unaandika "haki iko wapi?" Haki iko palepale ulipoicheka, ndugu yangu.

Sasa niwape mfano wa nje, kwa sababu najua nyinyi mpaka mzungu afanye ndio mnaamini. San Francisco, Marekani, kuna kisiwa kinaitwa Angel Island. Kuanzia 1910 mpaka 1940 kilikuwa kituo cha uhamiaji. Wachina wengi walizuiliwa pale, wiki, miezi, wengine karibu miaka miwili, kwa sababu tangu 1882 kulikuwa na sheria ya kuwazuia wasiingie. Wakihojiwa wanaulizwa: nyumba yenu kijijini ina ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani? Jirani wa tatu anaitwa nani? Ukikosea jibu moja, unarudishwa kwenu.

Soma tena maswali hayo, halafu soma yale ya msee wangu wa Kisauni. Mtoto wa mmoja.

Wale Wachina walichonga mashairi kwenye kuta za mbao. Jengo lilikuwa libomolewe. 1970 mlinzi mmoja wa mbuga akayaona yale maandishi, akasema jamani, hapa kuna kitu. Wajukuu wa waliozuiliwa wakapigana mpaka jengo likaokolewa. Leo ukienda unaingia makumbusho, unasoma ukutani mtu alilia nini usiku.

Changuu nimezunguka kuta zote. Labda sikuona vizuri, lakini sikuona jina la abiria hata mmoja. Sehemu ya majengo ya karantini imeshawahi kugeuzwa hoteli. Na kobe? Wa kwanza waliletwa 1919 kutoka Shelisheli, wanne, zawadi ya gavana. Leo kila mmoja umri wake umeandikwa kwa rangi mgongoni. Wageni wa kutoka ng'ambo, wamepokewa, wamehesabiwa, wanalishwa majani kwa mkono. Binadamu waliopita palepale hawana hata ubao.

Na tusiwacheke Wazanzibari. Sisi tuna Fort Jesus. Kuanzia 1895 mpaka 1958 ile ngome ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Miaka sitini na tatu. Mimi shule ilinipeleka mara mbili, nikaonyeshwa mizinga ya Wareno mpaka nikachoka. Waliofungwa pale nimekuja kuwasoma mwenyewe nikiwa mkubwa.

Kwa hivyo ninataka nini? Mambo matatu, hayana gharama.

Moja. Ukienda Changuu, nenda, piga picha na kobe, siwakatazi. Lakini muulize anayekutembeza: "Waliokaa hapa walikuwa nani, walitoka wapi, walikaa siku ngapi?" Tukiuliza mia moja, hamsini wa mwisho watajibiwa. Muongozaji husema kile tunachokipenda. Tukipenda kobe, tutapewa kobe.

Mbili. Usiku wa leo kaa na bibi yako au babu yako, washa simu, rekodi. Muulize alikuja vipi, alisimamishwa wapi, aliombwa karatasi gani. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tatu, na hili shikeni sana. Katiba yetu, kifungu cha 12, inampa kila raia haki ya kitambulisho na pasipoti. Kifungu cha 47 kinasema ukinyimwa haki yako na uamuzi wa ofisi, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Kwa hivyo ukiambiwa "rudi kesho", usipige kelele, usitukane. Sema kwa adabu: "Naomba sababu kwa maandishi." Nenda na mdogo wako, simama naye, lisemeni pamoja. Benchi linaogopa karatasi.

Msee wangu wa Kisauni alipata kipande chake hatimaye, na pasipoti juu. Ndio maana alifika Changuu. Lakini picha zake za siku ile hana hata moja na kobe. Ana moja tu, ya mlango, na hakuna mtu ndani yake. Nilimuuliza mbona hukusimama hapo. Akasema, "Hapo nilishakaa miaka minne."

Haya, komenti ziko wazi. Wa kwanza kuniandikia "lakini haikuwa jela" nitamtumia hii tena, aianze mwanzo.