Hesabu ya Pili ya Matatu

Kwa majirani zangu wa Umoja, Buruburu, Donholm na Kayole,

Nawaandikia kutoka Toronto. Kazi yangu huku ni kuchambua data za mabasi. Abiria akigusisha kadi mlangoni, saa na mahali alipopandia huandikwa. Alama hizo zikikusanywa kwa maelfu, tunaona ni kituo gani kinafurika na saa ngapi, na basi linaongezwa. Kila nikizitazama namkumbuka mama kwenye steji ya Umoja alfajiri ya mvua, akielekea soko la Marikiti, nauli imepanda maradufu, wala hakuna mkubwa yeyote anayejua wamesimama wangapi pale.

Makanga anajua. Anajua mwisho wa mwezi watu hupanda gari gani na tarehe ishirini huanza kutembea. Lakini elimu yake haijaandikwa popote. Hesabu inayotambulika kwenye matatu ni moja, ile ya mwenye gari kila jioni, na ndiyo inayomkimbiza dereva kwenye Jogoo Road. Nawaandikia kuhusu hesabu ya pili, ile ya abiria.

Tuliwahi kuianza. Kuanzia 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu na simu mkononi wakinakili kila steji. Mradi huo, Digital Matatus, ulitoa ramani Januari 2014 yenye njia zaidi ya 130, na data yake ikaachwa wazi kwa yeyote. Mwaka 2015 iliingia kwenye Google Maps. Itazameni ramani ile: mistari mingi inakimbilia katikati ya jiji, ndiyo maana mtu wa mtaa mmoja hulazimika kufika mjini kwanza ili aende mtaa wa pili. Wenye magari walikuwa wakilijua jambo hili kipande kipande, kila mmoja na njia yake. Ramani iliwaonyesha lote kwa pamoja.

Mwaka huohuo wa 2014 serikali ilitaka nauli ilipwe kwa kadi. Mpango ulikwama, na BebaPay, kadi ya Google na benki ya Equity, ilifungwa 2015. Naamini kosa lilikuwa hili: habari zote zilipanda juu. Makanga aliona riziki yake ikihesabiwa na wengine, na abiria hakuona foleni ikipungua.

Hata kadi za huku zina upofu wake. Zinamwona aliyepanda. Aliyechoka kungoja akaondoka kwa miguu hazimwoni, na ofisi ikizitegemea peke yake itasema njia hiyo haina wateja. Nawafikiria wanaotembea kutoka Eastlands hadi Industrial Area kila asubuhi. Kwenye mfumo wa kadi wangekuwa kama hawapo.

Basi nawaomba wenyeviti wa sacco na wa vyama vya wakazi: wiki mbili, daftari moja kila steji. Kamagera wa steji aandike kila nusu saa magari mangapi yameondoka, nauli ilikuwa ngapi, na, lililo muhimu kuliko yote, watu wangapi wamebaki au wamekata tamaa wakaondoka. Alipwe kwa kazi hiyo, mimi nitachanga. Msiandike jina wala namba ya simu ya mtu; tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na heshima kwa abiria ilikuwepo hata kabla yake.

Zipigeni picha kurasa hizo mnitumie. Nitazichambua usiku nikitoka kazini, bila malipo. Majibu yatarudi kwenu kwanza, yabandikwe steji ambapo makanga na abiria watayasoma pamoja, kisha sacco iamue gari gani litoke saa ngapi na liende wapi. Masika huanza Machi. Daftari ziwe tayari kabla mvua ya kwanza haijapandisha nauli.

Wenu, mwana wa Umoja