Tusiwacheke Askari Wanaotibiwa kwa Farasi

Ukitaka kuwavunja watu mbavu pale vimbwetani, sema tu kwamba Marekani askari waliorudi vitani wanapelekwa kwa farasi wakapate nafuu. Utaambiwa hayo ni mambo ya watu wenye hela za kuchezea. Mimi nasema tusicheke haraka.

Tuanze na mwili. Farasi akitembea, kiuno cha aliyempanda kinacheza karibu sawa na cha mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe. Kwa askari aliyekatwa mguu, hilo ni zoezi zuri la kurudisha mizani. Wala si habari ya jana: Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza chini ya magoti kwa polio, alichukua medali ya fedha ya kupanda farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na kumpanda huyo farasi wake alikuwa anasaidiwa.

Halafu kuna kiwewe, na hapo ndipo penye kazi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Masikio hayatulii, mlango ukibamizwa anashtuka. Askari aliyetoka Iraq au Afghanistan anayaelewa haya bila kufundishwa, maana na yeye yuko hivyo hivyo. Ukimsogelea farasi umekaza mabega na hasira imekujaa, atakukwepa. Ukishusha pumzi, naye anatulia. Hakuulizi ulifanya nini kule. Kwa mtu aliyelelewa jeshini, ambako machozi ni aibu, nadhani kushika brashi na kumsugua mnyama ni rahisi kuliko kukaa mbele ya daktari na kuambiwa "haya, eleza".

Pale Fort Myer, Virginia, mpango wa aina hii ulianza 2006 kwa kutumia farasi wa jeshi, wale wale wanaovuta majeneza kwenye makaburi ya Arlington. Fikiria: anayemsindikiza mwenzako kaburini ndiye anayekubeba wewe ujifunze upya kukaa wima. (Farasi nao wana yao: mwaka 2022 wawili wa kikosi hicho walikufa, yakaibuka maswali mazito kuhusu lishe na matunzo.)

Wale wa takwimu mnanisubiri, najua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2021 matokeo ya askari wa zamani 63, vipindi 8 vya dakika 90 kila kimoja. Karibu nusu walipata nafuu kubwa. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha na, jambo ambalo wengi wanalipita, hawakupanda farasi kabisa. Walimsugua, walimwongoza, walisimama naye. Kwa hiyo anayeuza kupanda farasi kama mbadala wa dawa na ushauri nasaha anatupiga fiksi. Ni nyongeza, tena nyongeza ya maana.

Sisemi JWTZ inunue farasi. Lakini Desemba 2017 kule Semuliki, Kongo, tulipoteza zaidi ya askari 10 kwa shambulio moja. Wafu tuliwapokea kwa heshima. Waliorudi wakiwa hai nani anakaa nao, na kwa njia gani ambayo haiwalazimishi kuongea kabla hawajawa tayari? Wenzangu wa saikolojia, kila mwaka mnalia hamna mada ya utafiti. Hii hapa.