Tumwandae Binti Kabla ya Kumnyima Ruhusa



Likizo ya mwezi wa sita inapokaribia, barua za kuomba ruhusa huanza kuingia majumbani. Skuli au kikundi cha vijana kinataka kuwapeleka watoto safari ya siku tano: siku tatu za kutembea kwa miguu katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, na siku mbili za kupiga kasia kwenye kayaki ndani ya mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Barua ikiwa ya mtoto wa kiume, baba hutia saini na mama huuliza ada ni kiasi gani. Ikiwa ya binti wa miaka kumi na tano, nyumba nzima hukaa kikao, na mara nyingi jibu hutoka kabla kikao hakijaisha: haendi.

Sisi tunaomba jibu hilo lifikiriwe upya. Hatusemi kila binti aende kila safari. Tunasema kumkataza mtoto si sawa na kumlinda. Kazi yetu ni kumwandaa kwanza, kisha ndiyo tuamue.

Tuanze na kuogelea

Tumezungukwa na bahari, na wengi wetu hatujui kuogelea. Wakati huohuo tunapanda boti kwenda Dar es Salaam na Pemba, tukiwa na watoto mapajani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hakuna familia ya visiwani isiyomjua mtu aliyefiwa. Mola awarehemu wote.

Hatudai kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Bahari ya kusi haina mchezo. Lakini mtoto anayejua kulala chali juu ya maji, kutuliza pumzi na kufunga jaketi lake sawasawa ana nafasi ambayo mwenzake hana. Ukimzuia kupanda kayaki hujamwondolea bahari. Ipo palepale, na ipo siku atapanda boti.

Kule Nungwi, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa burkini, nguo inayositiri mwili mzima. Picha za mabinti hao zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, na dunia ikashangaa. Kwetu sisi la kushangaza lingekuwa mtoto wa kisiwani kukua bila ya kujua maji.

Basi anza miezi miwili kabla ya safari. Mtafute mwalimu mwanamke, au shangazi anayejua, na uchague pwani iliyotulia wakati maji yamejaa. Mambo matatu yatakuonyesha kama yuko tayari: awe anaweza kuelea chali kwa dakika kadhaa bila ya hofu, aweze kuogelea taratibu kutoka ngalawa iliyotia nanga hadi ufukweni, na akitumbukia na nguo zake asipapatike. Akishindwa hata moja, aende milimani na ya kayaki yasubiri mwakani. Hilo nalo ni jibu la haki, kwa sababu lina sababu anayoielewa.

Elimu ya bibi zetu

Wapo wanaosema mambo ya kayaki ni ya watalii. Lakini nani anayejua maji ya Chwaka kuliko wanawake wanaolima mwani na wanaokwenda pwani kuchokoa? Wao hujua bila ya kutazama simu kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakajaa sana na kupwa mbali sana, na kwamba kati ya hapo ni maji mafu. Mtu anayeingia mikokoni kwa kayaki anahitaji elimu hiyohiyo. Unaingia maji yanapojaa na unatoka kabla hayajakupwa, vinginevyo utakwama kwenye tope na jua likuchome.

Kwa hiyo kabla ya kumnunulia binti miwani ya jua, mpeleke kwa bibi au jirani anayelima mwani. Akae naye asubuhi mbili tatu, aulize, atazame. Mwezi wa sita hadi wa nane kusi huvuma, na kwa kawaida asubuhi huwa pametulia kuliko alasiri. Vijito vya ndani ya mikoko vina kinga, lakini nje kwenye mdomo wa ghuba si mahali pa mwanafunzi. Mtoto anayeyajua haya hatamtegemea kiongozi kwa kila kitu, na kiongozi akikosea atathubutu kusema.

Jaketi la kujiokolea livaliwe nchi kavu, kabla ya kugusa kayaki. Mshike mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake au halijafungwa. Kayaki ikipinduka, aishike hiyohiyo, asiiache akaanza kuogelea peke yake. Miguuni avae viatu vinavyofungwa, si kandambili, maana chaza wanaoshika mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Baridi ya Usambara

Mtoto wetu hajawahi kuhisi baridi ya kweli. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu wa Magamba unapita mita 2,000. Usiku wa kipupwe kule si kipupwe cha Mji Mkongwe. Anahitaji sweta nzito, soksi za kulalia, kofia na koti la mvua. Suruali ya jinzi iachwe nyumbani: ikilowa haikauki na inazidi kumtia baridi.

Viatu visiwe vipya. Avivae wiki nne kabla, kwenda dukani, kwenda chuoni, mpaka vimzoee, maana malengelenge ya siku ya kwanza huharibu siku zote zinazofuata. Kila jioni atembee na begi lake mgongoni, na kila wiki uzito uongezeke kidogo. Begi lisizidi sehemu ya tano ya uzito wake. Binti wa kilo 50 asibebe zaidi ya kilo 10. Na alifunge mwenyewe! Ukimfungia wewe, hatajua tochi iko wapi giza likiingia.

Kanga mbili zisikosekane. Ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na mkono ukiteguka ni bandeji ya kuuninginiza shingoni.

Stara, ibada na hedhi

Baibui halifai kwenye kayaki. Likilowa huwa zito na hujizungusha miguuni, na hilo ni jambo la uhai. Stara ipo kwa njia nyingine: burkini au suruali pana na fulana ndefu ya mikono mirefu, na hijabu ya michezo inayobana kichwa, bila ya pini.

Kuhusu sala, aulize kabla ya kuondoka. Safari ya Usambara ni ndefu, na wanazuoni wengi humruhusu msafiri wa masafa hayo kupunguza na kukusanya. Chwaka ni hapahapa Unguja, hukumu yake si ile. Ajifunze kutayamamu kwa vitendo, asingoje kukisia akiwa porini. Na mnunulie dira ndogo. Kutoka Unguja, na hata Lushoto, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo binti anayejua kibla chake anajua pia kusoma ramani.

Suala la mahram tunalijua, na hatulipuuzi. Kila familia imuulize sheikh wake. Zipo familia zinazomtuma kaka au mjomba kama mmoja wa wasimamizi. Zipo zinazokubali siku za Chwaka tu, binti akarudi kulala nyumbani. Mlango ukiwa hauwezi kufunguka wote, nusu si haba.

La hedhi lizungumzwe waziwazi. Abebe taulo za kike hata kama siku zake hazijafika, kwa kuwa uchovu na safari huweza kuzibadilisha, na mfuko mweusi wa kurudia na taka zake. Ajue ni mwalimu gani wa kike atakayemwambia bila ya aibu.

Maswali yetu kwa waandaaji

Hapa ndipo tunapotaka akina mama wawe wakali. Ruhusa yetu ina bei, na bei yake ni majibu. Wasimamizi wanawake ni wangapi, na watalala wapi? Mabinti watalala wapi? Kila mtoto ana jaketi lake la ukubwa wake? Nani amesomea huduma ya kwanza? Hospitali ya karibu iko wapi, na gari litakuwepo usiku? Nani ataamua kuahirisha upepo ukizidi? Mwenye pumu, dawa yake atashika nani?

Kikundi kinachojibu kwa utulivu na kwa maandishi ni cha kuaminiwa. Kinachosema "msiwe na wasiwasi, bi mkubwa" na kugeuza mazungumzo, mtoto abaki nyumbani bila ya majuto.

Na binti naye ana lake la kufunzwa: kwamba mtu mzima yeyote, hata kiongozi, akimgusa au akimwita faragha kwa namna isiyompendeza, ana haki ya kukataa, kupiga kelele na kutuambia, nasi tutamwamini. Tukubaliane naye neno moja la siri. Akilisema kwenye simu, tunakwenda kumchukua, maswali baadaye.

Watu watasema. Wamesema tulipopeleka mabinti vyuo vikuu, na leo haohao wanawafuata watibiwe. Tumefundishwa kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kuogelea, jaketi, viatu, maswali, hizo ndizo kamba zetu. Wahenga nao walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa bahari na milima haufundishi mara mbili.

Basi barua ikija mwaka huu, tusiitie saini usiku huo, wala tusiichane. Tumwite binti, tumuulize yuko tayari kufanya kazi kiasi gani kwa miezi miwili. Akifanya, amestahili ruhusa. Tumsomee dua mlangoni, tumwache aende, na sisi tubaki na tasbihi zetu.