Kufuta Ni Haki Yao. Na Kusukuma Je?

Swali la kipindi cha wiki hii: kampuni za mitandao ziachwe zifute zinachotaka?

Mimi nasema ziachwe. Serikali ikianza kuamua kipi kibaki TikTok, leo itagusa uongo, kesho itamgusa shangazi yako anayelalamika. Julai 2024, kwenye kesi za sheria za Texas na Florida, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kampuni ikichagua na kupanga machapisho ya watu, hiyo nayo ni kusema, na katiba inaulinda uhuru wa kusema.

Sawa. Lakini wa Buffalo wanajua shida iko wapi. Tarehe 14 Mei 2022, kijana mbaguzi aliua watu weusi 10 kwenye duka la Tops, Jefferson Avenue, akirusha laivu kwenye Twitch. Twitch walikata ndani ya dakika mbili. Safi. Ila nakala zilishatoka, na kwingine zikatazamwa mara mamilioni.

Familia zikashtaki. Hazikulalamikia video tu. Zilisema mifumo ya kampuni ilimlisha kijana yule chuki, moja baada ya nyingine, juu imetengenezwa ili mtu asitoke. Julai 2025 mahakama ya rufaa ya New York, majaji 3 kwa 2, ikazitupa kesi hizo. Sababu kubwa: sheria ya 1996 inazilinda kampuni zisibebeshwe maneno ya watu wengine.

Sasa nisaidieni. Sheria ikitaka kuwagusa, ukurasa ni sauti yao. Wafiwa wakiwashtaki, ni maneno ya wengine. Yaani mtoto akifaulu ni wangu, akiiba ni wa jirani?

Nairobi mlango haujafungwa. Profesa Meareg Amare aliuawa Ethiopia Novemba 2021, baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kuonyesha anapoishi. Mwanawe aliishtaki Meta Kenya, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inaweza kuisikiliza kesi. Bado hajashinda, lakini atasikilizwa.

Wafiwa wa Jefferson Avenue nao walistahili hicho tu. Kufuta, kampuni ziwe huru. Lakini zikichukua chuki zikamsukumia mtu ambaye hakuitafuta, zijibu mbele ya jaji kama sisi wengine.

Unabisha? Tuma voisi, kwa Kiswahili chako hicho hicho cha nyumbani.