VAT ya boda za umeme isichezewe kila Juni

MWAKA wa 2023 Bunge lilifanya jambo la maana. Kupitia Sheria ya Fedha, pikipiki za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu ziliwekewa VAT ya asilimia sifuri.

Piga hesabu uone uzito wake. Boda ya Sh200,000 ikitozwa VAT ya kawaida ya asilimia 16, inapanda kwa Sh32,000. Kwa jamaa anayelipa mkopo wa Sh400 kwa siku, hizo ni siku 80 za kubeba abiria kwa ajili ya kodi tu.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2025. Ulipendekeza bidhaa hizi zitolewe kwenye orodha ya VAT sifuri na kupelekwa kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa VAT. Ukisoma haraka utadhani ni kitu kimoja. Wapi! Kwenye VAT sifuri, anayeunganisha pikipiki hapa nchini hurejeshewa VAT aliyolipia vipuri na huduma. Zikisamehewa, hamtozi mnunuzi VAT lakini pia harejeshewi chake. Unafikiri hasara hiyo ataimeza? Ataipachika kwenye bei, na risiti haitaonyesha kodi yoyote. Nani atalalamikia kodi asiyoiona?

Najua Hazina ya Kitaifa ina hoja: marejesho hayo ni pesa, na madeni yanaibana nchi. Lakini petroli yetu yote tunaagiza kutoka nje kwa dola, ilhali stima yetu nyingi inatokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Tukihesabu hasara ya kodi, tuhesabu na dola hizo.

Kinachoniudhi zaidi ni kutojua kesho kuna nini. Hata Marekani wameonja hayo. Sheria yao ya 2022 iliahidi nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa anayenunua gari jipya la umeme, mpaka mwisho wa 2032. Sheria nyingine iliyotiwa saini Julai 2025 ikaikata kufikia Septemba 30 mwaka huohuo. Nafuu ya wanaoboresha nyumba zao ili zisipoteze joto nayo ikapewa mpaka Desemba 31. Watu walikimbilia magari kabla ya siku ya mwisho, kisha mauzo yakaporomoka. Mwenye mshahara mnono huko aliwahi. Mwendesha boda wa Kayole anayeweka akiba kidogo kidogo atawahi vipi?

Kwa hivyo VAT sifuri iandikiwe muda ndani ya sheria, angalau miaka mitano, ili anayechukua mkopo leo ajue betri ya pili ataipata kwa bei gani. Wabunge huomba maoni ya umma kabla ya kupitisha mswada wa fedha. Vyama vya boda viende na swali moja kwa maandishi: nafuu hii inaisha mwaka gani?