Chale Tunakubali, Labo Tunakataa

Katika mazungumuzo juu ya desturi tunasikia kila mara neno hili: mutu anayejikuna miaka miwili, mitatu bila kupona, amelogwa na watu wa jamaa yake, labo haitaona kitu. Sisi tunakataa, na tunakataa kwa jina la desturi yenyewe.

Muganga muzuri wa zamani hakukimbilia dawa. Aliuliza kwanza: inawasha usiku ao muchana? Bibi yako naye anajikuna? Unavua samaki mto gani? Kama nyumba nzima inajikuna usiku, katikati ya vidole, ni upele, na macho ya mutu mwenye kuujua mara nyingi yanatosha. Lakini mutu wa kandokando ya mto wenye maporomoko anaweza kuwa na filaria, ile inaletwa na inzi wadogo weusi na inaharibu macho. Kwa kumupima wanakata kipande cha ngozi kwenye nyonga, kidogo kuliko punje ya muchele, wanakitia ndani ya maji ya chumvi, na kwa mikroskopi vidudu vinaonekana vikicheza.

Hapo ndipo watu wanaruka: «Nyama yangu haiwezi kubaki mikononi mwa watu!» Ajabu gani hii? Ni watu hao hao wanaokubali kuchanjwa chale kumi kwa wembe moja uliokwisha kupita kwa wengine.

Tena dawa bila kipimo inaweza kuua. Mectizan, inayotolewa bure tangu 1987, imesaidia wengi sana. Lakini misitu yetu ina filaria ingine, Loa loa, ile inapita ndani ya jicho. Mwenye vidudu vyake zaidi ya 30.000 katika mililita moja ya damu anaweza kumeza kidonge hicho na kuanguka koma. Kipimo chake ni damu ya kidole, nayo itolewe muchana, kwani usiku vidudu vinaondoka katika damu ya ngozi.

Wenye kupiga shindano za kortizoni bila kuuliza kitu, nao hatuwaachi. Muwasho unanyamaza juma moja, sukari ya damu inapanda, upele unaenea. Na kumbe figo, ini ao Ukimwi vinaweza kuwa chini yake, vile mukojo na damu vingesema.

Tangu sasa, mutu akileta kwetu shauri la kumushitaki shangazi yake juu ya mwili kuwasha, tutamuomba kwanza karatasi ya labo.