Kuvamia Uturuki mapema ni hasara

Jumamosi nilipigwa vibaya. Nilikuwa nacheza Axis & Allies Global 1940 kwenye TripleA (programu ya bure, imeandikwa kwa Java na msimbo wake uko wazi, kwa hivyo nina sababu mbili za kuipenda) na jamaa mmoja tuliyesoma naye chuo. Mimi Ujerumani. Kufika raundi ya pili Ufaransa nimeshaimeza, vifaru vipo, ndege zipo, na kule kusini Uturuki imekaa tu, haina upande. Nikaivamia.

Tamaa hii huwashika wengi na si ya kijinga. Uturuki ikiwa haina upande, meli haziruhusiwi kuingia wala kutoka Bahari Nyeusi. Ukiichukua, mlango unafunguka, na njia ya Kaukasi na Iraki iko mbele yako. Kikokotoo cha vita nacho kinakutia moyo. Uturuki ina askari 8 wa miguu, na kila mmoja akijilinda anapiga akipata 1 au 2 kwenye dadu. Kwa wastani watakuulia vikosi karibu 3 mzunguko wa kwanza. Peleka ndege za kutosha na ushindi ni wako.

Lakini kikokotoo hujibu swali moja tu: nani atashinda pigano hili. Hakina habari na ile sheria kwamba ukishambulia nchi moja isiyo na upande, zote za aina hiyo zinaegemea kwa adui yako. Sisi watu wa programu tunaujua ugonjwa huu. Unabadilisha kigeu kimoja hapa, kumbe faili ishirini zinakisoma.

Haya, tupige hesabu. Uhispania askari 6, Uswidi 6, Ureno 2, Uswisi 2. Hao ni 16, na askari mmoja hununuliwa kwa pointi 3. Nimeweka zawadi ya pointi 48 mlangoni kwa adui. Mimi nimepata nini? Uturuki inatoa pointi 2 kwa raundi.

Ngoja, kuna baya zaidi. Ujerumani hulipwa pointi 5 kila raundi ikishika Norwei na Denmarki, mradi Uswidi isiwe upande wa Washirika (ni yale madini ya chuma). Nilipoingia Uturuki, Uswidi ikageuka, na zile 5 zikayeyuka. Yaani nimepigana vita ili nipoteze pointi 3 kila raundi! Kuzirudisha inabidi nivamie Uswidi pia, askari wengine 6. Jamaa yangu, aliyekuwa Uingereza, alivusha kikosi kimoja tu kutoka Gibraltar na Uhispania ikawa yake. Hakurusha dadu hata moja.

Wapo wanaolalamika kwamba sheria hii haifuati historia, na ni kweli. Ujerumani ilivamia Denmarki na Norwei tarehe 9 Aprili 1940, kisha Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg tarehe 10 Mei. Uswidi haikugeuka. Iliendelea kuuza chuma, na mwaka 1941 ikaruhusu divisheni ya Wajerumani ipite kwa reli kwenda Finland. Uturuki yenyewe ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani Februari 1945, mambo yakiwa yameisha.

Hata hivyo naitetea. Vita vilipokwisha Mei 1945, Wajerumani zaidi ya 300,000 walikuwa bado Norwei wakilinda. Mchezo hauna gharama ya kulinda nchi uliyoiteka, basi inakutoza kwa njia nyingine.

Je, usivamie kabisa? Hapana. Subiri adui asiwe na meli za kufika Uhispania wala kikosi Gibraltar, halafu ukianza chukua mbili tatu kwa raundi moja, maana faini ni ileile.

Jamaa anataka turudiane Jumamosi ijayo. Nimekubali, ila safari hii Uingereza nachukua mimi.